Msituambie Tumezoea

Sentensi iliyonifanya niandike makala haya ilitamkwa na mtu mwenye koti jeupe, saa nne usiku, katika wodi ya hospitali ambayo sitaitaja. Shosho alikuwa ameegemezwa kwa mito mitatu, maana akilala chali alikuwa anakabwa. Kidude cha kupima oksijeni kilikuwa kwenye kidole chake na kilisoma 79. Nikauliza mbona hawekewi oksijeni. Daktari wa zamu akaangalia kidude, akamwangalia shosho, akasema, "Huyu ni mtu wa milima na wa moshi. Mwili wake umezoea."

Mashine ya oksijeni ilikuwa moja kwa wodi nzima, na usiku huo ilikuwa kwa mgonjwa mwingine. Hilo ningelielewa. Kama angeniambia, "Kijana, mashine ni moja na wanaoihitaji ni watatu," ningeikasirikia serikali na yeye ningempa pole. Hakusema hivyo. Aliuchukua uhaba wa hospitali akaugeuza kuwa sifa ya mwili wa shosho yangu.

Tangu usiku huo nalisikia hilo neno kila mahali. Mama anayepika kwa kuni amezoea moshi. Watu wa mtaa wamezoea kukosa maji. Vijana wamezoea kuhangaika. Wakenya, tunaambiwa kila mwaka wa shida, ni watu wastahimilivu sana. Tunapigiwa makofi kwa kuvumilia, na anayepiga makofi mara nyingi ndiye aliyefaa kutuondolea hilo tunalolivumilia.

Mtaniuliza mimi ni nani wa kubishana na daktari. Swali ni halali. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, katika digrii iliyohusu jinsi mwili unavyofanya kazi. Masomo hayakunishinda, karo ndiyo ilinishinda, na barua ya kunizuia kuingia mtihani ilikuja kabla ya matokeo. Siwezi kumtibu mtu na sijidai. Lakini kuna mhadhara mmoja ambao sikuuacha kule kampasi, na ulikuwa unahusu kitu hasa kilichokuwa kinaendelea ndani ya kifua cha shosho usiku ule. Hebu niueleze, kisha mnihukumu.

Mwaka wa 1946, watafiti wawili wa Stockholm, Ulf von Euler na Göran Liljestrand, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa paka. Waliwatia paka usingizi, wakawapa hewa yenye oksijeni kama asilimia 10 badala ya ile 21 tunayoivuta sisi, huku wakipima presha ndani ya ateri inayotoka moyoni kwenda mapafuni. Oksijeni ikishuka, presha inapanda. Ateri za mapafu zilikuwa zinajikaza.

Hili ni jambo la ajabu, kwa sababu kwingineko mwilini mambo huenda kinyume. Msuli wa mguu ukikosa oksijeni, ateri zake hupanuka ili damu zaidi ifike. Ubongo vilevile. Panapopungua, panaongezewa. Mapafu peke yake ndiyo hufunga pale panapopungua.

Na yana akili kufanya hivyo. Shosho mwenyewe ndiye aliyenisaidia kulieleza. Alilima viazi na kabichi Kinangop maisha yake yote, na maji ya shamba lake yalipitia mifereji aliyoichimba kwa jembe. Siku moja, kabla hajazidiwa, aliniuliza ni nini hasa kinamuuma, kwa maana kila aliyempima alimpa dawa na hakuna aliyempa maelezo. Nikamwambia: shosho, damu haiendi mapafuni kupeleka oksijeni, inaenda kuichukua. Sasa kipande kimoja cha pafu kikizibwa na makohozi, hewa haifiki pale. Damu itakayopita pale itarudi mikono mitupu. Kwa hivyo mshipa wa pale unajikaza, na damu inaelekezwa kwenye vipande vyenye hewa. Ni kama wewe ukiona kiraka kimoja cha shamba hakina mbegu: unaziba mfereji wake kwa udongo, maji yanaenda kwenye viazi.

Akanisikiliza vizuri. Kisha akauliza, "Na kama shamba lote halina mbegu? Huo mkono unaoziba, utajua kuacha?"

Nilikaa darasani miaka mitatu na sikuwahi kuuliza swali zuri kama hilo.

Huo mkono ni wa kalsiamu. Kuta za ateri zina seli za msuli, ule unaoitwa msuli laini, ambao hauusogezi kwa kutaka kwako. Seli hizo hujikaza zikipata kalsiamu ndani yake. Zikiwa zimetulia, kalsiamu huwekwa mbali nazo: nje ya seli ni nyingi mara kama 10,000 kuliko ndani. Nyingine imefungiwa katika ghala lililo ndani ya seli yenyewe. Ghala hilo lina milango, na mingi ya milango hiyo huitwa vipokezi vya rianodini. Jina limetoka kwa sumu ya kichaka kimoja cha Marekani ya kitropiki, *Ryania speciosa*, ambayo iliwahi kutumiwa kuua wadudu shambani, na ambayo hushika milango hii na kuivuruga. Kila mlango umejengwa kwa vipande vinne vinavyofanana, na kila kipande kina asidi amino kama 5,000. Ni kati ya protini kubwa kabisa tulizo nazo.

Oksijeni ikishuka katika ateri ya mapafu, milango hiyo hufunguka, kalsiamu humwagika kutoka ghalani, nyingine huingia kutoka nje kupitia milango mingine, na msuli hujikaza. Nani hasa anayebisha hodi kwanza? Wanasayansi wengi huelekeza kidole kwa mitokondria, zile tanuri ndogo za seli, maana ndizo zinazotumia oksijeni. Lakini zinatuma ujumbe gani, hapo wanagombana bado.

Kuna jambo moja zaidi ambalo nalitaka mlishike, kwa sababu ndilo linalonipa hasira. Mwaka wa 1995, kundi la Mark Nelson huko Marekani lilionyesha kwamba katika ateri za ubongo wa panya, milango hii hii ya rianodini inaweza kufanya kazi iliyo kinyume. Inatoa kalsiamu kwa cheche ndogo ndogo, karibu na ukuta wa nje wa seli. Cheche hizo hufungua njia za potasiamu zilizo jirani, na msuli unalegea. Mlango ni wa aina ile ile na kalsiamu ni ile ile. Mahali pengine inakaza, mahali pengine inalegeza, kutegemea mlango uko wapi, umefunguka kiasi gani na jirani zake ni nani.

Kwa hivyo mtu akisema "mwili umezoea", mimi namuuliza: mwili upi? Ateri ya ubongo au ya pafu? Kwa sababu oksijeni ile ile iliyoshuka inafanya moja ipanuke na nyingine ijikaze. Neno "mwili", likitumiwa hivyo, ni blanketi la kufunikia mambo ambayo msemaji hataki kuyaangalia.

Sasa turudi kwa swali la shosho. Shamba lote likikosa mbegu, mkono hauachi. Hapo ndipo msiba ulipo. Mbinu hii ni nzuri sana kwa shida ya sehemu moja: kipande kimoja cha pafu kimezibwa, vipande vingine vina hewa, damu inahamishwa. Lakini mapafu yote yakikosa oksijeni kwa pamoja, kila ateri ndogo inajikaza kwa wakati mmoja, na hakuna pa kuhamishia damu. Moyo, upande wa kulia, unabaki kusukuma damu dhidi ya milango iliyofungwa nusu. Kila pigo la moyo, mchana na usiku.

Hali hiyo ikidumu wiki na miezi, ateri haziishii kujikaza tu. Kuta zinanenepa. Msuli unaota hata kwenye mishipa midogo ambayo haikuwa na msuli wa maana. Sasa hata ukileta oksijeni, kujikaza kutalegea lakini unene utabaki. Upande wa kulia wa moyo nao unakuwa mkubwa, kisha unachoka, na maji yanaanza kujikusanya miguuni.

Miguu ya shosho ilivimba mwaka mzima kabla ya usiku ule. Majirani walisema ni uzee. Kwenye zahanati walisema apunguze chumvi. Sisi familia tulifanya nini? Tulimnunulia viatu vikubwa zaidi. Naliandika hili kwa aibu. Na sisi tulikuwa tunamsaidia kuzoea.

Hicho kinachoitwa kuzoea ndicho hicho: ukuta unaonenepa, moyo unaovimba, kiatu cha namba kubwa zaidi. Mwili unaendelea na kazi kwa kukopa, na deni linaandikwa upande wa kulia wa moyo ambapo hakuna anayelisoma.

Najua majibu mtakayonipa, na mengine yana uzito. Nitayajibu moja moja.

La kwanza: Watibeti je? Hao wanaishi juu sana na wako sawa. Ni kweli. Wengi wao ateri za mapafu hazijikazi sana oksijeni ikishuka, na presha ya mapafu yao iko chini kuliko ya mgeni aliyepanda huko. Lakini hilo lilichukua vizazi na vizazi vya watu waliozaa na watu waliokufa kabla ya kuzaa, mpaka jeni zilizofaa zikabaki. Huko siyo kuzoea kwa mtu mmoja. Nendeni Andes mkaone upande mwingine: daktari wa Peru, Carlos Monge, alieleza katika miaka ya 1920 ugonjwa unaowapata watu waliozaliwa milimani na kuishi huko maisha yao yote. Kuzaliwa mahali hakukupi kinga ya mahali hapo.

La pili: wanariadha wa Iten je? Iten iko mita kama 2,400 juu ya bahari na watu huvuka dunia kuja kufanya mazoezi pale. Naam. Mkimbiaji wa Iten ana mapafu mazima, anavuta hewa safi, anakula, anapumzika, na akitaka anashuka. Damu yake inaongeza seli nyekundu na anarudi na medali. Shosho yangu aliishi kwenye kimo cha karibu hicho hicho, na juu yake akaongezewa miaka hamsini ya jiko la mafiga ndani ya nyumba isiyo na bomba la moshi. Moshi uliziharibu njia za hewa zenyewe. Kumlinganisha na mkimbiaji ni kama kumlinganisha anayefunga Ramadhani na aliyekosa chakula.

La tatu ndilo zito, na huenda ndilo daktari yule alilikumbuka nusu: kuna wagonjwa wa mapafu ambao ukiwapa oksijeni nyingi kupita kiasi, kabonidioksaidi hupanda kwenye damu yao na wanaweza kupoteza fahamu. Ni kweli kabisa. Ndiyo maana miongozo ya tiba inasema mgonjwa wa aina hiyo apewe oksijeni kwa kipimo, kidude kisome kati ya 88 na 92. Kipimo hicho ni amri ya kutoa kwa uangalifu, na hakuna mahali kinaposema usitoe. Kati ya 79 na 88 kuna watu wengi sana waliozikwa.

Mnataka ushahidi kwamba oksijeni ingesaidia? Anzeni na nyinyi wenyewe. Mlipokuwa tumboni, mapafu yenu hayakuwa na hewa, na ateri zake zilikuwa zimejikaza, damu ikipitishwa njia nyingine. Mlipozaliwa mkavuta pumzi ya kwanza, oksijeni iliingia na mapafu yakatanuka, ateri zikalegea, damu ikamiminika mapafuni. Mtoto ambaye ateri zake zinakataa kulegea huwa na rangi ya samawati, na kila muuguzi wa wodi ya uzazi anajua hapo ni mbio. Hakuna anayesimama juu ya mtoto huyo akasema amezoea.

Kisha someni jaribio lililochapishwa Uingereza mwaka wa 1981. Wagonjwa 87 wa mapafu, wenye oksijeni ya chini, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa oksijeni nyumbani angalau saa 15 kwa siku, lingine halikupewa. Katika miaka mitano, wasiopewa walikufa 30 kati ya 45. Waliopewa walikufa 19 kati ya 42. Miili ya hao 45 ilikuwa "imezoea" pia.

Hata ng'ombe wana bahati kuliko sisi. Huko Colorado, Marekani, ilielezwa tangu 1915 kwamba ng'ombe wanaopelekwa malisho ya juu milimani huvimba kifua na kufa moyo ukishindwa, kwa sababu hii hii ya ateri za mapafu kujikaza. Leo wafugaji wa huko humwita daktari wa mifugo apime presha ya ateri ya mapafu ya fahali kabla ya kumtumia kuzalisha. Fahali anapimwa. Shosho alikaa na miguu iliyovimba mwaka mzima na hakuna aliyemwekea kidude kidoleni mpaka siku aliyoshindwa kutembea hadi chooni.

Na msinielewe vibaya, bana. Sisemi daktari yule ni mtu mbaya. Alikuwa na wodi iliyojaa na mashine moja. Mtu akikaa miaka akisema "hakuna", siku moja ulimi wake unachoka na anaanza kusema "hahitaji". Hivyo ndivyo uhaba unavyogeuka kuwa elimu. Ukishageuka hivyo, hakuna atakayeandika ombi la mashine ya pili, kwa maana mashine ya pili ni ya nini kama wagonjwa wamezoea?

Juu zaidi ya daktari, hesabu ni ile ile. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka wa 2020. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, hapa kwetu gesi ya kupikia ilirudishiwa VAT ya asilimia 16. Ilikuwa katikati ya korona, wakati nchi nzima ilikuwa imejifunza neno oksijeni. Kodi hiyo ilipunguzwa baadaye, kisha ikaondolewa, na waliopiga kelele wanastahili shukrani. Lakini jiulizeni iliwezaje kupita. Ilipita kwa sababu mtu fulani mwenye kalamu aliamini kwamba anayeshindwa kununua gesi atarudi kwa kuni, na kwamba kwa kuni ameshazoea.

Oksijeni iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo hilo. Dawa, kama kwinini, kama insulini. Hakuna anayemwambia mgonjwa wa kisukari kwamba amezoea sukari. Lakini oksijeni kwa kuwa haionekani, na kwa kuwa tunaivuta bure, tunaichukulia kama starehe ya kuongezewa mtu akibahatika.

Ninachodai si kikubwa. Kidude cha kidoleni kiwe katika kila zahanati, na kitumiwe kwa kila mzee anayekohoa na kila mtu mwenye miguu iliyovimba, kabla ya kumhubiria chumvi. Mashine za oksijeni zihesabiwe kwa uwazi, kila wodi ibandike ukutani ina ngapi zinazofanya kazi. Na gesi isirudishiwe kodi kamwe. Pale ambapo kitu hakipo, mgonjwa aambiwe hakipo. Ukweli huo unauma, lakini unaacha mlango wazi wa kudai.

Shosho alifariki siku ya nne, alfajiri. Mashine alikuwa ameipata siku ya tatu, ikasoma 88, akaniambia kifua kimekuwa chepesi kama zamani, akauliza kama nimepalilia viazi. Saa kumi na tisa. Sijui zingekuwa miaka mingapi kama angeanza mapema. Wale wa Uingereza wanaweza kunikadiria, lakini hata wao hawakupika kwa mafiga. Ninachojua ni kwamba kwa saa hizo kumi na tisa alipata alichokuwa anakihitaji.

Siku nyingine ukiwa wodini, au ofisini, au kwenye baraza la chifu, na mtu akakwambia kwamba wagonjwa, au wamama, au watu wa kwenu wamezoea, usibishane naye kuhusu uvumilivu. Muulize tu kidude kinasoma ngapi. Kisha ngoja hapo hapo mpaka akujibu.